Galeto: kuku mdogo wa Waitaliano wa Brazili aliyechukua nafasi ya ndege wa porini

Siku ya Mungu, saa sita ya mchana, familia nyingi za Caxias do Sul, mji wa milimani kusini mwa Brazili, zinatoka kanisani na kwenda kula kuku. Si kuku mkubwa. Ni kuku wa siku 25 mpaka 30, mwenye uzito wa gramu 500 ama 600, ambaye mtu mmoja mwenye njaa anaweza kummaliza peke yake. Amelala usiku mzima ndani ya divai nyeupe, kitunguu saumu na majani ya salvia, kiisha akachomwa juu ya makala mpaka ngozi ikawa na rangi ya shaba. Wanamwita galeto.

Pembeni ya kuku huyo kuna kitu ambacho mtu wa Bukavu, Goma, Kalemie ama Lubumbashi atakitambua bila kuuliza: bugali wa mahindi. Waitaliano wanauita polenta. Unga wake ni wa manjano, maji yake yana chumvi, na mwiko hauachiliwi kwa dakika 40 hivi. Ukipoa, unakatwa vipande na kuchomwa pamoja na nyama. Lakini ni bugali, na kama wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo, Waitaliano hao waliula kwanza kwa sababu hakukuwa na kingine.

Leo galeto ni chakula cha sherehe, na mtalii analipa pesa nzuri ili akile. Nyuma ya sahani hiyo kuna njaa, kodi, msitu uliokatwa na ndege waliokwisha.

Watu waliokimbia bila kuacha bugali

Sehemu kubwa ya Waitaliano waliofika kusini mwa Brazili walitoka Veneto, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Italia, na majirani zake Lombardia, Trentino na Friuli. Veneto iliingia katika ufalme mpya wa Italia mwaka 1866. Ufalme huo ulizaliwa na madeni, na mwaka 1868 bunge lilipitisha kodi juu ya kusaga. Kila mkulima aliyepeleka nafaka kwenye kinu alipaswa kulipa, na vyombo vya kuhesabu mizunguko ya jiwe vilifungwa kwenye vinu ili mtu asidanganye. Mwanzoni mwa mwaka 1869 wakulima waliasi sehemu nyingi za nchi, askari wakafyatua risasi, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kodi hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1884 tu.

Aliyelipa kodi ya unga alibaki na unga peke yake. Katika vijiji vya Veneto, maskini walikula polenta asubuhi, mchana na jioni. Ndipo ugonjwa wa pelagra ukaenea: ngozi inachubuka mahali jua linapoipiga, tumbo linaharisha, na mwishoni akili inapotea. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1881 ulihesabu zaidi ya wagonjwa 100,000 nchini Italia, wengi wao wakiwa Veneto na Lombardia. Nyumba za wagonjwa wa akili zilijaa wakulima ambao kosa lao lilikuwa kula mahindi matupu.

Mahindi yenyewe hayana sumu. Yanayo vitamini B3, lakini imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba tumbo la mtu haliwezi kuipata vizuri. Watu wa Meksiko, waliolima mahindi maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kuyaona, walikuwa wakiyapika kwanza katika maji ya chokaa ama ya majivu, na hiyo inaifungua vitamini. Wazungu walibeba mbegu, wakaacha ujuzi. Sababu ya pelagra ilibishaniwa miaka mingi, mpaka mwaka 1937 ilipoonekana wazi kwamba ni upungufu wa vitamini hiyo. Kwa mtu wa kijijini, dawa ilikuwa ni kuongeza kitu pembeni ya bugali: samaki, karanga, kipande cha nyama.

Ndiyo maana kule Veneto ndege mdogo juu ya polenta hakuwa mchezo wa watoto. Chakula hicho kinaitwa polenta e osei katika lugha ya kwao, maana yake polenta na ndege. Ndege walinaswa kwa nyavu na mitego, wakachomekwa kwenye chuma chembamba pamoja na kipande cha mafuta ya nguruwe na jani la salvia, kiisha wakazungushwa mbele ya moto. Mafuta yaliyodondoka yalimwagwa juu ya polenta. Mtu mmoja alipata ndege wawili watatu, mifupa na yote.

Msitu wa araukaria

Tarehe 20 mwezi wa tano mwaka 1875 ndiyo siku ambayo jimbo la Rio Grande do Sul linaikumbuka kuwa mwanzo wa kufika kwa Waitaliano. Familia za kwanza zilifikia mahali panapoitwa Nova Milano. Kutoka mwaka huo mpaka 1914, inakadiriwa kwamba Waitaliano kati ya 80,000 na 100,000 waliingia katika jimbo hilo. Serikali ya Brazili iliwauzia vipande vya ardhi kwa deni, kwenye milima ambayo Wajerumani waliotangulia hawakuifikia, kwani wao walikwisha kuchukua mabonde.

Ardhi hiyo haikuwa tupu, ijapokuwa mara nyingi inasimuliwa hivyo. Ilikuwa ya Wakaingang, wenyeji waliofukuzwa kabla ya wageni kufika na wakati wa kufika kwao. Mahali ulipo mji wa Caxias leo paliitwa Campo dos Bugres, na neno bugre ni tusi ambalo Wazungu waliwaita wenyeji.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Msitu ulikuwa wa araukaria, mti mrefu wenye kichwa kama mwavuli, na mbegu zake, ambazo zinachemshwa ama kuchomwa kwenye majivu, ziliokoa watu wengi mpaka mahindi ya kwanza yalipokomaa. Msitu huo ulijaa ndege pia: njiwa, kasuku, na wengine ambao mtu wa Veneto hakuwahi kuwaona. Mitego ilitengenezwa upya. Salvia iliyobebwa kutoka Italia ilipandwa karibu na mlango wa jiko. Chakula cha ndege wadogo kilipata jina la Kireno, passarinhada, na kikawa chakula cha wanaume waliorudi kutoka msituni, chakula cha arusi na cha siku ya mtakatifu wa parokia.

Karibu miaka 60 baadaye, mambo yalikuwa yamebadilika. Araukaria ilikatwa kwa mbao, msitu ukabaki vipande vipande, na leo mti huo uko kwenye orodha ya miti iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Ndege walikwenda pamoja na msitu. Kiisha sheria ikaja. Tarehe 3 mwezi wa kwanza mwaka 1967, Brazili ilitangaza sheria nambari 5.197, iliyosema kwamba wanyama wote wa porini ni mali ya Serikali, na kuwawinda bila ruhusa kukakatazwa.

Watu wa milimani hawakungoja sheria ndipo wabadilishe mezani. Sikukuu ya zabibu ya Caxias, iliyoanza mwaka 1931, ilikuwa ikileta wageni wengi mjini, na wageni hawalishwi kwa mtego wa njiwa. Katikati ya karne ya 20, restora za mji zilianza kutoa kuku mchanga aliyetayarishwa kama ndege wa porini: divai ileile, salvia ileile, moto uleule, polenta ileile. Waliitoa chakula hicho jina kamili la galeto al primo canto, yaani jogoo mdogo wa wimbo wake wa kwanza, umri ambao nyama bado ni laini. Hilo ni jina la zamani za kuku wa kienyeji. Kuku wa siku 25 wa leo, aliyelishwa ili anone haraka, hajafikia hata kufikiri juu ya kuwika.

Ilikuwa badiliko la akili. Hawakuwaambia wazee wasahau passarinhada, waliwapa kitu chenye harufu yake. Mtu aliyekua akila ndege alifunga macho mbele ya galeto, akapata salvia na moshi, akaridhika. Sheria peke yake isingefanya hivyo. Kule Italia kwenyewe, sheria ya mwaka 1992 inalinda ndege wengi wadogo, lakini katika mabonde ya Brescia walinzi wa msitu bado wanang'oa mitego kila mwaka wakati ndege wanaposafiri kwenda kusini.

Namna ya kumlaza na kumchoma

Yeyote anayechoma kuku mashariki mwa Kongo anajua taabu: nje inaungua, karibu na mfupa ni damu. Galeto inakwepa taabu hiyo kwa udogo wake. Kuku wa gramu 600, akipasuliwa mgongoni na kulazwa wazi kama kitabu, hana mahali ambapo nyama ni nene sana. Waitaliano wa Toscana na Umbria wanaongeza hila moja: wanaweka tofali lililofungwa katika karatasi ya aluminiamu juu ya kuku ili agandamane na chuma. Wanamwita kuku wa tofali. Ndugu yake ni kuku wa shetani, pollo alla diavola, ambaye anapakwa pilipili nyingi, na huyo mtu wa Goma hatahitaji kufundishwa.

Kwa kuku wadogo wanne, ambao kwa jumla ni kama kilo mbili na nusu, zinatosha vijiko vikubwa viwili vya chumvi vilivyosawazishwa, punje sita za kitunguu saumu zilizotwangwa, kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa, pilipili manga, majani 15 ama 20 ya salvia, glasi mbili za divai nyeupe na kijiko cha mafuta. Chumvi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Inaingia polepole ndani ya nyama na kuisaidia ishike maji yake juu ya moto. Divai, kitunguu na majani havipiti mbali, vinabaki karibu na ngozi. Kwa hiyo anayemwaga chupa nzima ya divai ili nyama "inywe" anapoteza divai. Kuku mdogo anafaa hapa tena: ana ngozi nyingi na nyama kidogo, basi kila mdomo unapata harufu.

Usiku mzima ni muda mzuri, lakini ndani ya frigo. Mahali ambapo umeme unakwenda na kurudi, masaa mawili yanatosha, na kuku anapaswa kwenda motoni mara tu yanapoisha. Kumwacha usiku kucha mezani kwa kutumainia divai ni kuita kuhara. Penye kukosa divai nyeupe, wengine kule Brazili wanatumia bia, na inafaa. Ndimu pia inafaa, ila si kwa muda mrefu: ukali wake unapika nyama ya juu kabla ya moto na kuifanya iwe kama unga.

Salvia ni jani la kijivu lenye manyoya laini, na si rahisi kulipata kwenye soko la Kadutu ama la Virunga. Romarini inakaribia. Haitakuwa galeto ya Caxias, lakini kule Italia kuku wengi wa kuchoma wanakwenda na romarini, kwa hiyo hakuna anayedanganywa.

Kuhusu moto, watu wa Caxias ni wakali. Hawachomi juu ya ndimi za moto. Makala yanaachwa mpaka yavae majivu meupe, na mkono ukishikwa juu ya chuma unapaswa kuvumilia kuhesabu mpaka tano. Kuku anawekwa upande wa mifupa kwanza na kubaki hapo karibu dakika 25. Mifupa inakuwa ngao, joto linapanda polepole, na nyama inaiva bila kuungua. Ngozi inageuziwa moto mwishoni tu, dakika kumi hivi, na hapo mchomaji haondoki, kwani mafuta ya ngozi yanadondoka na kuwasha moto. Kwenye mbabula ndogo ya nyumbani ni vizuri kusukuma makala upande mmoja, ili kuwe na mahali pa kumkimbizia kuku moto ukipanda.

Wakati wa kuchoma, wengine wanafunga majani ya salvia kama ufagio mdogo na kumnyunyizia kuku maji ya viungo. Maji hayo yatengwe tangu mwanzo, kabla ya kugusa nyama mbichi. Yale ambayo kuku alilala ndani yake yana damu, na yanapaswa kuchemka vizuri kwanza ama kumwagwa. Kosa hili linafanywa na wachomaji wazuri kabisa, wa Brazili na wa Kongo.

Kuku ameiva joto la ndani likifika digrii 74. Asiye na kipimo achome kisu kati ya paja na mwili: maji yakitoka meupe, bila wekundu, kuku anaweza kwenda mezani. Kuku wa kienyeji wa uzito uleule amekwisha kuishi miezi kadhaa, amekimbia na kurukaruka, na nyama yake ni ngumu zaidi. Huyo anahitaji moto mdogo na karibu dakika 20 za ziada. Utamu wake, kwa kweli, unashinda ule wa kuku wa siku 25, na hilo wazee wa Caxias nao wanalisema juu ya kuku wao wa zamani.

Wanaomchinja leo

Katika restora ya galeto, chakula hakifiki kwa mara moja. Kwanza inakuja supu ya vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, kiisha mboga chungu ya radicci iliyomwagiwa mafuta ya moto ya nguruwe, viazi, makaroni, polenta ya kuchoma ama ya kukaanga, na kuku anaendelea kuletwa mpaka mteja aseme basi. Wajukuu wa watu waliogawana ndege wawili kila mmoja walichagua namna ya kula ambayo sahani haimaliziki. Wengine mezani bado wanasema Talian, lugha iliyotoka Veneto na kukua Brazili, ambayo mwaka 2014 serikali iliitambua kuwa sehemu ya urithi wa nchi. Kule Rio de Janeiro neno galeto lina maana nyingine kidogo: kuku mdogo wa haraka anayeliwa kwenye kaunta, mara nyingi bila salvia.

Brazili leo ndiyo nchi inayouza kuku wengi zaidi nje duniani, na sehemu ya kuku wa barafu wanaoliwa Kongo wanatoka huko. Majimbo matatu ya kusini, pamoja na Rio Grande do Sul, ndiyo yenye machinjio makubwa. Mwezi wa tano mwaka 2025, homa ya ndege ilionekana katika shamba moja la kuku huko Montenegro, mji ulio chini ya milima hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuingia katika ufugaji wa biashara wa Brazili, na nchi nyingi zilifunga milango kwa muda. Mwaka mmoja kabla, mwezi uleule, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 180 katika jimbo hilo na kukata barabara za milimani.

Ndani ya machinjio, mikono inayofanya kazi imebadilika. Tangu miaka ya 2010, Wahaiti na Wasenegali wengi walifika Caxias na miji ya jirani, na viwanda vya nyama vikawachukua. Kwa kuwa kuku wengi wa Brazili wanauzwa katika nchi za Kiislamu, wanahitajika Waislamu wa kuwachinja kwa sheria ya dini yao, na baadhi ya Wasenegali walipata kazi kupitia mlango huo. Si wote wanaopokelewa vizuri. Mwaka 2023, huko Bento Gonçalves, mji usio mbali na Caxias, wakaguzi wa kazi waliokoa zaidi ya wavunaji 200 wa zabibu waliokuwa wakiishi katika hali ya utumwa. Wengi wao walitoka Bahia, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyohiyo. Jambo hilo liliwachoma wengi katika mji ambao kila familia inasimulia namna babu yake alivyofika bila kitu.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, polenta haihitaji ununuzi. Bugali wa jana uliobaki kwenye sufuria unakatwa vipande vya unene wa kidole, unapakwa mafuta kidogo pande zote mbili, na kuwekwa pembeni ya chuma wakati kuku anapogeuzwa upande wa ngozi. Usiguswe kabla ya dakika tano, la sivyo utashika chuma na kupasuka. Ukishika rangi, unainuka wenyewe.